Msimuulize Anataka Kuwa Nani, Someni Matokeo Yake

Msimamo wangu nautaja mapema: mtahiniwa wa Kidato cha Nne ambaye hajui anataka kusomea nini anaweza kuchagua kozi na chuo vizuri kuliko mwenzake aliyeota udaktari tangu darasa la tatu. Hana ndoto ya kumzuia asione, kwa hiyo anaweza kuanza na kile alicho nacho mkononi, yaani matokeo yake somo kwa somo, uwezo wa familia yake, na mambo anayoweza kukaa nayo kwa saa nyingi bila kusukumwa. Kinachomponza ni haraka ya watu wazima. Wanaona aibu kwa niaba yake, wanamsukuma achukue kozi yenye jina kubwa au chuo chenye sifa, na mpaka anakuja kujua matokeo yake yangemfungulia milango gani, muda wa kutuma maombi umekwisha.

Nawaandikia hasa wazazi wa mitaa inayolizunguka Soko la Burma: Kaloleni, Makongeni, Shauri Moyo, Mbotela, Maringo. Soko lilipata jina lake kutokana na nchi ambako askari wetu wa King's African Rifles walipelekwa kupigana katika Vita vya Pili vya Dunia, na hadi leo linajulikana kote jijini kwa nyama. Huku si ajabu anayeomba nafasi ya chuo kikuu kuwa wa kwanza katika ukoo wake kufika hapo. Hana mjomba mhandisi wala shangazi wakili wa kumwita kando na kumweleza mambo yalivyo. Anachofanya ni kwenda saiba kando ya Jogoo Road, kumpa mhudumu nambari yake ya mtihani na nambari ya cheti cha kuzaliwa, na kumwachia achague. Mhudumu ana foleni ndefu nyuma yake. Anatazama gredi, anajaza kozi zile zile alizomjazia aliyetangulia, anachapisha karatasi, anadai pesa yake. Nimeona karatasi za wanafunzi wa shule moja zikiwa na chaguzi zinazofanana neno kwa neno, kwa mpangilio ule ule, ilhali matokeo yao yalikuwa tofauti kabisa.

Sasa tuangalie mtambo wenyewe unavyofanya kazi. KUCCPS, taasisi ya serikali inayowapangia watahiniwa vyuo na kozi, iliundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, ikachukua kazi ya bodi ya zamani tuliyoizoea kwa jina la JAB. Mwombaji wa shahada anapita vizuizi vitatu, na watu wengi wanakijua cha kwanza tu. Cha kwanza ni gredi ya wastani, C+ au zaidi. Katika KCSE ya 2024, yaani mtihani wa Kidato cha Nne, watahiniwa 246,391 walikivuka, kwa hiyo C+ peke yake haimtofautishi mtu na umati huo. Cha pili ni gredi ya chini katika masomo maalumu: anayetaka sheria anatakiwa awe na B ya Kiingereza au ya Kiswahili, na anayetaka kufundisha sekondari anatakiwa awe na C+ katika masomo mawili atakayofundisha. Ukikosa hapo, hata ungekuwa na A ya wastani, mlango umefungwa. Cha tatu ni pointi za klasta, na hapa ndipo wengi wanapopotea.

Kila kozi iko katika klasta inayotazama masomo manne. Walimu hukadiria pointi hivi: jumla ya masomo hayo manne inagawanywa kwa 48, jumla ya masomo saba inagawanywa kwa 84, majibu hayo mawili yanazidishwa, unatafuta kipeo cha pili, kisha unazidisha kwa 48. Tuchukue msichana wa mfano. Kiswahili A-, Biolojia B+, Kiingereza B, Jiografia B, Biashara B-, Kemia C+, Hisabati C. Jumla yake ni pointi 60, na gredi yake ni B. Katika klasta itakayompokea kwa masomo yake manne bora, ana 39 kati ya 48, na hesabu inampa karibu pointi 36.6. Katika klasta itakayomlazimisha kuleta Hisabati na Kemia pamoja na Kiingereza na Biashara, ana 30 tu, na hesabu inashuka hadi 32.1. Mtu ni yule yule, B ni ile ile, lakini tofauti ni pointi nne na nusu. Katika kozi zinazogombaniwa, pointi moja hutenganisha mamia ya waombaji.

Ndiyo maana swali la "umepata gredi gani?" halitoshi. Nikiletewa kijana asiyejua la kufanya, huwa namwambia aandike klasta zote anazostahili, apige hesabu ya kila moja, kisha azipange kuanzia anakosimama juu zaidi. Kazi hiyo inachukua jioni moja, kalamu na simu yenye kikokotoo. Mara nyingi mzazi hushtuka kuona mwanawe aliyekuwa akisukumwa kwenye uhasibu ana nguvu zaidi upande wa sayansi za mimea na wanyama, au wa lugha.

Halafu kuna jambo linaloitwa katofu, ile alama ya mwisho ya mwaka uliopita. Watu huisoma kama sheria, kana kwamba chuo kilikaa kikaamua kuwa chini ya 38 hakuna kuingia. Hakuna aliyeamua hivyo. Kozi ina nafasi kadhaa, waombaji wanapangwa kuanzia mwenye pointi nyingi, nafasi zikijaa mstari unakatwa, na pointi za yule wa mwisho kuingia ndizo zinazochapishwa. Ni kama bei ya kilo ya nyama pale Burma jana jioni: inakwambia mnunuzi wa mwisho alilipa ngapi, haikuahidi kitu kuhusu asubuhi ya leo. Waombaji wakiongezeka, inapanda. Chuo kikiongeza nafasi, inashuka. Kwa hiyo usitazame mwaka mmoja, tazama mitatu. Kozi ambayo alama yake imetulia miaka yote hiyo inatabirika. Inayoruka pointi tatu juu na chini ni ya bahati nasibu, na asiyejua anachotaka hana sababu ya kucheza bahati nasibu.

Orodha ya chaguzi iwe na tabaka. Juu kabisa weka kozi moja ambayo pointi zako ziko chini kidogo ya katofu ya karibuni, kama unaitaka kweli. Katikati, ambako ndiko kwenye uzito, weka zile ambazo pointi zako zinalingana nazo au zinazipita kidogo. Mwisho weka angalau moja ambayo unaipita kwa nafasi ya kutosha na ambayo ungeisoma bila kinyongo. Uingereza mfumo wao wa UCAS umejenga jambo hili ndani yake: mwombaji ana chaguzi tano, kisha anashika moja kuwa ya kwanza na nyingine kuwa ya akiba. Kwetu akiba hiyo lazima mtu ajiwekee mwenyewe. Asipoiweka, anarudi kwenye awamu ya pili kuchagua katika makombo yaliyobaki.

Kozi ile ile pia haina mlango mmoja. Biashara katika Chuo Kikuu cha Nairobi hugombaniwa kuliko Biashara katika vyuo vilivyopata hati mwaka 2013, kama Chuka, Kisii, Laikipia na Pwani. Mzazi wa Kaloleni akisikia Chuka au Laikipia hukunja uso. Namwelewa, maana alikua akisikia vyuo vitatu au vinne tu. Lakini shahada hiyo inatolewa na chuo chenye hati kama vingine, na kijana aliyeingia akiwa juu ya wastani wa darasa lake hupata nafasi ya kujulikana na wahadhiri, jambo ambalo aliyeponyoka kwa robo pointi katika chuo kikubwa huenda asilipate.

Tuje kwenye pesa, maana hapa ndipo chaguo zuri la karatasini hugeuka mzigo. Tangu mwaka 2023 serikali imekuwa ikigharimia wanafunzi kwa mfumo mpya: ufadhili, mkopo wa bodi ya HELB, na sehemu ya familia. Familia zimewekwa katika makundi matano kulingana na hali yao. Kwa viwango vya mwaka 2024, familia ya kundi la kwanza ililipa asilimia 5 ya gharama ya kozi, la pili 10, la tatu 20, la nne 30, la tano 40. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza mfumo huo kuwa kinyume cha katiba, serikali ikakata rufaa, na mvutano huo ni sababu nyingine ya kutopiga mahesabu kwa matumaini. La kukumbuka ni kwamba asilimia hizo zilitozwa juu ya gharama ya kozi yenyewe. Kwa viwango hivyo, tuseme kozi inagharimu shilingi 250,000 kwa mwaka: familia ya kundi la kwanza inadaiwa 12,500, ya kundi la tano inadaiwa 100,000. Sasa jiulize mama mwenye meza ya matumbo Burma atawekwa kundi gani. Hana hati ya mshahara. Mtoto akijaza maelezo ya familia kwa kubahatisha, anaweza kuwekwa kundi la watu wasiofanana naye, na kukata rufaa kunakula wiki ambazo chuo kinataka karo. Maelezo hayo yajazwe na mzazi akiwa amekaa hapo hapo.

Jambo jingine ambalo mhudumu wa saiba hasemi: chini ya mfumo huu, anayepangiwa chuo kikuu cha kibinafsi hapati ule ufadhili wa serikali. Anaweza kuomba mkopo, lakini fungu la ufadhili hana. Nimeona familia zikishangilia barua ya mwaliko, zikaja kugundua siku ya kulipa. Majina ya vyuo vya umma na vya kibinafsi yako pamoja kwenye tovuti moja, kwa hiyo hakikisheni kabla ya kubonyeza.

Na nyumba? Kijana wa Makongeni akipata nafasi katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya, pale Haile Selassie Avenue, anaweza kwenda kwa miguu kupitia Muthurwa na kurudi kula kwao. Hiyo ni kodi ya chumba iliyookolewa kwa miaka minne. Lakini sitasema kila mtu abaki karibu. Wapo wanaoishi saba katika chumba kimoja, taa inazimwa saa tatu ili mdogo alale, na kwao kitanda cha hosteli Njoro au Maseno ndicho kitakachowawezesha kusoma. Hilo kila familia ijipime bila kudanganyana.

Kuna uvumi kadhaa unaoniudhi kwa sababu unawagharimu watu. Wa kwanza ni huu: "Ingia kozi yoyote, utabadilisha ukiwa ndani." Uhamisho upo, lakini kozi unayoihamia hutaka uwe umefikia pointi zake za mwaka huo, na iwe na nafasi. Kwa maneno mengine, kuhama kutoka kozi inayogombaniwa kwenda isiyogombaniwa ni rahisi, na kinyume chake karibu hakuwezekani. Kwa hiyo anayesitasita kati ya mbili aanze na ile ngumu kuingia, mradi gharama yake inalipika.

Wa pili: "Asiyejua la kusoma achukue ualimu." Naheshimu ualimu kiasi kwamba sitaki upewe mtu kama kitanda cha ziada. Waliohitimu wanasubiri kuajiriwa na TSC, tume ya walimu, kwa miaka, na anayevumilia kungoja huko ni aliyependa darasa tangu mwanzo. Isitoshe, akiwa amesoma masomo mawili ya kufundisha ambayo shule hazina uhaba nayo, foleni yake ni ndefu maradufu.

Wa tatu unawahusu wale wa C, C- na chini. Mzazi anamrudisha mtoto Kidato cha Nne kwa sababu diploma "ni ya waliofeli". Wakati mwingine kurudia kunafaa. Lakini diploma inaanzia C-, cheti kinaanzia D, na KUCCPS hiyo hiyo ndiyo inayowapanga. Si mbali na Burma, taasisi ya mafunzo ya reli iko South B, na ya ufundi ya Nairobi iko Ngara. Aliyemaliza diploma ya ufundi wa umeme na kupata kazi anaweza kuendelea na shahada baadaye akiwa na pesa yake mwenyewe. Aliyekaa nyumbani miaka miwili akingoja C+ hana hata kimoja.

Baada ya pointi na pesa, ndipo linakuja swali la nini hasa kisomwe, na hapa nina ushauri mmoja kwa asiyejua: achague kozi pana yenye ujuzi wa mikono ndani yake. Upana asiupime kwa jina. Aombe orodha ya masomo ya mwaka wa pili na wa tatu, aisome mstari kwa mstari. Je, kuna takwimu? Kuna maabara? Kuna kuandika ripoti? Kuna atachimenti ya lazima, na wanafunzi hupelekwa wapi? Kozi yenye vitu hivyo inampa mtu nafasi ya kugeuka baadaye. Ipo kozi yenye jina refu la kisasa ambayo ukifungua orodha yake unakuta nadharia mwanzo hadi mwisho, na huyo aliyemaliza anakuja kuniuliza aende wapi.

Mfano wa ujuzi wa mikono uko mbele ya macho yetu. Asubuhi ukipita Burma utaona nyama ikishushwa, mapaja yenye mhuri wa mkaguzi uliokolea kwenye mafuta. Watoto wa soko hili wameuona mhuri huo maisha yao yote, na wachache mno wamewahi kuuliza anayeupiga alisoma wapi. Nyuma ya mhuri huo kuna Sheria ya Udhibiti wa Nyama, na kuna njia za masomo za kila kimo. Yupo daktari wa mifugo aliyesoma miaka mitano Upper Kabete. Yupo aliyesoma sayansi na teknolojia ya vyakula, ambayo hufundishwa Nairobi, Juja na Egerton. Yupo wa diploma ya afya ya mifugo kutoka taasisi ya AHITI Kabete. Na ipo Taasisi ya Mafunzo ya Nyama huko Athi River, ambako mtu hujifunza ukaguzi, uchakataji na hata utunzaji wa ngozi. Yule msichana wetu mwenye B+ ya Biolojia na C+ ya Kemia ana nafasi halisi katika baadhi ya njia hizi, huku kwao wakimlilia achukue uhasibu kwa Hisabati ya C. Sisemi watoto wote wa mabuchari warudi kwenye nyama. Nasema kazi unayoiona kila siku ni rahisi kuichunguza: nenda kamuulize mkaguzi, kwa adabu, siku yake ikoje, nini kinamchosha, na angeanza upya angesoma nini. Dakika kumi za mtu kama huyo zina thamani kuliko kijitabu chochote.

Kabla ya kuthibitisha chaguo, fanya ukaguzi wa mwisho. Je, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu imeidhinisha kozi hiyo katika chuo hicho? Na kama ni taaluma yenye bodi yake, je, bodi inaitambua? Uhandisi una Bodi ya Wahandisi, uuguzi una Baraza lake, sheria ina Baraza la Elimu ya Sheria, mifugo ina Bodi ya Madaktari wa Mifugo. Chuo kinaweza kuwa kizuri na kozi yake moja ikawa bado haijatambuliwa. Orodha hizi huwekwa hadharani na bodi zenyewe, na ni za bure.

Shule za Eastlands nazo zina deni. Mwalimu wa ushauri wa taaluma katika shule nyingi za kutwa ana vipindi vyake kamili, na ushauri anaubana kwenye mapumziko ya chai. Ningependa kila shule itenge Jumamosi mbili baada ya matokeo, iwaite wahitimu wake wa miaka mitatu iliyopita waliopo vyuoni, iweke meza, na kila mtahiniwa akokotoe klasta zake mbele ya mtu anayejua. Maktaba za Kaloleni na Makadara, ambazo shirika la Book Bunk limezikarabati, ni mahali pazuri pa kukutania kwa wale ambao shule yao haitafanya hivyo. Na kaunti, inayotoa basari, ingetoa pia mshauri wa kukaa hapo wiki za maombi, ili watoto wasiwe mikononi mwa saiba peke yake.

Haya yote yana haraka mpya kwa sababu mtaala unabadilika. Mtihani wa mwisho wa KCSE ni wa 2027. Walioingia Gredi ya 10 Januari 2026 walishachagua mkondo wao kati ya STEM, sayansi za jamii, na sanaa na michezo, wakiwa na miaka 15 hivi. Kwao kutojua kulikuja mapema zaidi, na mzazi aliyengoja Kidato cha Nne ili azungumze na mtoto wake atakuta sehemu ya uamuzi imeshafanywa. Kwa hiyo kama una mmoja aliyemaliza na mwingine aliye sekondari ya msingi, wakalishe meza moja jioni ile ya kukokotoa klasta. Mdogo aone jinsi klasta inayodai Hisabati na Kemia ilivyomshusha yule msichana wa mfano kutoka pointi 36.6 hadi 32.1. Mkubwa aandike nywila yake ya tovuti ya KUCCPS mwenyewe, aitunze, na aende saiba akiwa na orodha iliyokwisha kuandikwa, mhudumu abaki na kazi ya kuchapa tu.